Hata talaka ina eda

Najua nimekuwa kimya, na kuna waliopiga simu wakidhani naumwa. Siumwi. Nilikwenda nyumbani Rutamba mapumziko ya Desemba, na huko nikafanya kosa ambalo mpaka leo sijapata namna nzuri ya kuliombea radhi. Nimemfuta mtu. Siyo mtu wa damu na nyama, ni mtu wa kwenye gemu, lakini naomba msicheke kabla sijamaliza.

Kwa wasioijua Rutamba: ni mkoani Lindi, ukiiacha bahari na kuingia bara kidogo, kwenye minazi, mikorosho na ufuta, na kuna ziwa lenye jina hilohilo la kijiji. Unafika umechoka, unagawa shikamoo na kupokea marahaba mpaka koo linakauka, unaangushiwa dafu, halafu jioni unagundua kwamba simu yako inashika mtandao vizuri sehemu moja tu. Kwetu sehemu hiyo ni chini ya mkorosho, nyuma ya nyumba ya mama mdogo. Hapo ndipo anaposhinda dogo, mtoto wa mama mdogo, miaka 17, kamaliza kidato cha nne Novemba na alikuwa anasubiri matokeo. Simu mkononi, waya wa chaji umetoka dirishani, na mbuzi wawili wanaomzunguka kana kwamba nao wanacheza.

Jina la gemu silitaji, maana kosa ni langu na sitaki kesi. Ni yale magemu ya intaneti ambayo unamtengeneza mhusika wako, unampa jina, anapigana, anapanda levo, anakusanya vitu. Vitu vingine unaweza kuuza au kumpa rafiki. Vingine vimefungwa kwa mhusika: ukishavivaa ni vyake mpaka kufa, huwezi kuuza, huwezi kugawa, huwezi hata kumpa mhusika wako mwingine aliye kwenye akaunti hiyohiyo. Utaratibu huu ni wa zamani. World of Warcraft, iliyotoka 2004, ndiyo iliyoueneza sana, na wao husema kabisa kwamba kitu kimefungwa na roho ya mhusika.

Sasa vitu vya dogo. Alikuwa na upanga alioupata baada ya wiki nyingi za kupigana na joka moja, yeye na wenzake ambao hajawahi kuwaona sura. Alikuwa na joho lililotolewa siku za sherehe ya gemu, sherehe ikaisha na joho halikutolewa tena. Alikuwa na farasi aliyemnunua kwa shilingi 35,000 za kukung'uta ufuta wa watu. Kazi hiyo naijua. Siku nzima juani, vumbi puani, na usiku unawashwa mwili mzima. Halafu alikuwa na ngao.

Ngao yenyewe haikuwa na nguvu, alishazipata bora zaidi. Ila kwenye gemu hili kitu kikitengenezwa na mchezaji, jina la fundi linaandikwa chini yake, na fundi wa ngao ile alikuwa kijana wa Kilwa Kivinje. Walijuana ndani ya gemu, wakacheza pamoja karibu miaka miwili bila kuonana, halafu mwenzake akapata kazi Muscat, akauza simu, akaondoka. Hakurudi tena kwenye gemu. Dogo alinionyesha ngao ile siku ya kwanza tu nilipofika. Akasema, "Kaka, hii ndiyo picha yake niliyobaki nayo."

Ilivyotokea ni hivi. Gemu lilileta aina mpya ya mpiganaji, mpiga mishale, na dogo akataka kuanza naye upya. Lakini alitaka atumie jina lake lilelile ambalo wenzake wote wanalijua, na gemu haliruhusu majina mawili yanayofanana. Ili jina liwe huru, mhusika wa zamani lazima afutwe. Maelezo yote yako kwa Kiingereza. Na nani anajua Kiingereza kwenye ukoo? Kaka mwandishi wa habari kutoka Dar.

Akanipa simu. Kwanza tulihamisha vitu kwenda kwenye ghala la akaunti, lile ambalo wahusika wote wanalitumia. Dawa zikaenda, mbao zikaenda, sarafu zikaenda. Upanga ukakataa. Joho likakataa. Farasi na ngao hivyohivyo. Dogo akaniuliza, "Kaka, hivi vilivyokataa vitabaki?"

Nikamjibu, "Vitabaki bwana, si viko kwenye akaunti yako? Vitajihamisha vyenyewe."

Sikuwa na uhakika hata kidogo. Nilijibu kama tunavyojibu sisi tuliosoma tukiulizwa na watu wa nyumbani: haraka, na kwa sauti nzito. Likatokea onyo la mistari minne. Mimi ambaye kazini nasoma mikataba na hansadi kwa mshahara, mistari ile minne niliiruka. Gemu likanitaka niandike neno la kuthibitisha, nikaliandika. Likauliza tena, nikabonyeza ndiyo. Basi.

Mpiga mishale akazaliwa, jina lilelile. Tukafungua ghala. Dawa, mbao, sarafu.

Dogo aliangalia kioo kwa muda, akapandisha, akashusha. Kisha akasema, "Haina noma kaka." Akachomoa chaji, akachukua ndoo, akaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyemtuma. Siku mbili hakukaa tena chini ya mkorosho. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Niliporudi Dar nikawahadithia washkaji ofisini, wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Eti upanga wa katuni. Mjomba kule nyumbani naye alisema hivyohivyo kwa upole zaidi: "Si picha tu hizo?" Ni hapo nilipoona niandike, kwa sababu hoja hii ya "picha tu" naiona ni ya uvivu. Salio lako la M-Pesa nalo ni tarakimu tu kwenye kioo, na sijaona mtu likipotea akasema haina noma.

Na siyo mimi peke yangu ninayefikiri hivi. Uholanzi, mjini Leeuwarden, mwaka 2007, vijana wawili walimpiga mtoto wa miaka 13 na kumtishia kwa kisu ili awape hirizi na kinyago vyake. Hirizi na kinyago hivyo vilikuwa ndani ya gemu la RuneScape. Utetezi ulikuwa uleule wa mjomba, kwamba hivi siyo vitu. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Rufani ya nchi hiyo, na Januari 2012 majaji wakasema ni wizi. Waliangalia muda na juhudi ambazo mtoto alitumia kuvipata, na kwamba vilikuwa mikononi mwake naye akanyang'anywa. Kabla ya hapo, mwaka 2003, mahakama moja ya Beijing iliiamuru kampuni ya gemu imrudishie mchezaji silaha zake zilizoibwa na mtu aliyeingilia akaunti yake.

Naomba niwe mkweli, kesi hizo si sawa na yetu. Wale waliibiwa. Sisi tulifuta kwa kidole chetu, tukathibitisha mara mbili. Mwanasheria akiniuliza nani kamwibia dogo, nitajinyooshea kidole mwenyewe. Ila kesi hizo zinajibu lile swali la kwanza la kama kulikuwa na kitu. Kilikuwepo.

Wapo watakaosema tatizo ni kule kufunga, vitu viachwe huru, kila mtu auze na agawe atakavyo. Hapo sikubali. Mwaka 2012 gemu la Diablo III lilifungua mnada ambapo mchezaji aliweza kununua silaha za mwenzake kwa pesa halisi. Machi 2014 wenyewe wakaufunga, wakisema ulikuwa unaharibu gemu. Inaeleweka. Kama upanga wa joka unauzwa gengeni, nani atahangaika na joka? Upanga wa dogo ulikuwa na maana kwa sababu hakuna tajiri wa Masaki ambaye angeweza kuununua. Ukimwona mtu anao, unajua alikuwepo siku ile. Kufunga ndiko kulikofanya kitu kiwe chake. Hata ile ngao isiyo na nguvu, kama ingekuwa inauzika, pengine angeshaiuza mwezi ambao bando lilimshinda.

Kwa hiyo ugomvi wangu hauko kwenye fundo. Uko kwenye kitufe.

Fikirini mkulima wa hapohapo Rutamba. Akipeleka ufuta au korosho chama cha msingi, mzigo unaingia ghalani na unakuwa na stakabadhi. Mfumo huo wa stakabadhi ghalani, ulioanza na korosho msimu wa 2007/08, una malalamiko yake mengi, nimeshaandika na nitaandika tena, lakini angalau kuna karatasi inayosema kilo ngapi, daraja gani, za nani. Mkulima hawezi kuamka asubuhi akaambiwa gunia lako limefutika kwa sababu umebadilisha jina kwenye daftari. Mchezaji hana karatasi. Alichokubali siku ya kwanza, kwenye ile kurasa ndefu ambayo wote tunaishusha mpaka chini bila kusoma, mara nyingi kinasema kwamba kila kitu ni mali ya kampuni na yeye ameruhusiwa tu kukitumia. Miaka mitatu ya usiku chini ya mkorosho, kumbe alikuwa mpangaji.

Sasa mpangaji naye ana notisi. Na sisi watu wa pwani tuna mfano mzuri kuliko huo. Mwanamume akimwacha mkewe talaka ya kwanza, hata kama amelitamka neno kwa mdomo wake, akiwa na akili timamu na mbele ya watu, kuna eda. Ndani ya eda anaweza kurejea bila hata ndoa mpya. Waliotutangulia hawakudhani kwamba binadamu hakosei wala kwamba neno ni mchezo. Neno ni zito kabisa, ndiyo maana likawekewa siku za kulitafakari. Jambo zito la watu wawili na watoto wao lina mlango wa kurudia, halafu farasi wa shilingi 35,000 anaondoka kwa sekunde moja bila rejea?

Na msiniambie haiwezekani kiufundi. World of Warcraft yenyewe, ambayo kwa miaka mingi ukijifuta ulikuwa unabaki kuwaomba wahudumu wake wakuhurumie, tangu mwaka 2014 imeweka sehemu ya kumrudisha mhusika uliyemfuta, yeye na alivyovaa. Mfutwa anafichwa pembeni kwanza. Ni safu chache kwenye mashine ya kampuni, hazimzuii mtu kulala. Simu yako ya mkononi ukifuta picha, nyingi sasa zinaiweka kapuni siku 30. Picha ya ugali ina eda, ngao ya rafiki haina.

Kingine ni lile onyo. Nimelifikiria sana, labda kwa kutaka kujipunguzia lawama, mtaamua wenyewe. Liliandikwa kwamba vitu vilivyofungwa vitapotea. Kweli liliandikwa. Lakini kwa nini lisitaje vitu vyenyewe? Gemu lilikuwa linajua alichovaa. Lingeandika: unapoteza upanga huu, joho hili ambalo halitolewi tena, farasi huyu uliyemlipia, na ngao iliyotengenezwa na fulani. Nina hakika dogo, pamoja na Kiingereza chake cha kuungaunga, angeliona jina la rafiki yake hapo na mkono wangu angeudaka. Majina hayahitaji tafsiri. Na tafsiri yenyewe siyo ndoto pia. Wanaocheza magemu haya kwa Kiswahili, kuanzia Lindi hadi Mombasa hadi Bukavu, siyo wachache, na pesa zetu wanazipokea bila kuuliza lugha. Mtu anayeweza kukuuzia farasi ukiwa chini ya mkorosho Rutamba anaweza pia kukuandikia mistari minne unayoielewa.

Nilijaribu kuwaandikia. Nikaeleza kila kitu, nikaweka tarehe na saa, nikakiri kosa. Jibu lilikuja baada ya siku tano, ni lile jibu la kunakili na kubandika: mhusika amefutwa na mwenye akaunti, vitu vilivyofungwa kwake haviwezi kurudishwa wala kuhamishiwa kwa mwingine, asante kwa kucheza nasi. Nikaandika tena. Jibu likawa lilelile, hadi nukta. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na nimeisoma safari hii mistari yote. Humo unapata njia ya kudai taarifa zako zifutwe. Kudai ulichokifuta kwa bahati mbaya kirudi, hiyo sikuiona.

Mtu pekee aliyenielewa bila mjadala ni bibi. Bibi yangu ananiita mume wake, kama bibi wengi wa kwetu, na usiku ule alinikuta barazani nimejiinamia. "Mume wangu, nani kakuudhi?" Nikamweleza. Ilichukua muda, mpaka nikafika kwenye jina, kwamba jina la mtoto lipo ila vitu vimekwenda.

"Jina lake lipo, vitu vyake havipo?"

"Ndiyo, bibi."

"Kama sisi wa mahameni," akasema, akaendelea kuchambua mchicha.

Kwa mliozaliwa mjini: mahame ni pale watu walipohama. Wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970, bibi na marehemu babu walihamishwa kutoka kwenye kitongoji chao kuja kuishi pamoja na wenzao. Mikuku walibeba, vyungu walibeba, jina la ukoo walibeba. Mikorosho waliyoipanda kwa mikono yao haikubebeka. Ilibaki ikazeekea porini. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilikusanya tani 145,000 za korosho, na kufikia 1986/87 zilikuwa zimeshuka mpaka takriban 16,500. Wataalamu wanataja bei mbovu, wanataja ugonjwa wa ubwiriunga, na wanataja pia hilo la watu kuwekwa mbali na miti yao. Najua, najua, siwezi kulinganisha njaa ya mwaka ule na gemu la simu, na bibi mwenyewe hakuwa analinganisha. Aliitambua tu namna yake. Kuna vitu ambavyo ni vyako mradi usiondoke pale ulipo, na anayekuambia ondoka hakuambii habari ya vitu.

Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna mshkaji wa ofisini aliyeniuliza: "Huyo wa Muscat, namba yake mnayo?"

Hatukuwa nayo. Walikuwa wanawasiliana humohumo kwenye gemu, na orodha ya marafiki nayo, tumekuja kugundua, ilikuwa ya mhusika. Ilikwenda na upanga.

Nimetafuta. Nimeuliza jamaa watatu wa Kivinje, nimeingia kwenye makundi mawili ya Watanzania wa Oman na kuuliza swali la ajabu kuhusu fundi wa ngao. Mmoja alinijibu kwamba huko kila mtu ni fundi. Nikipata habari nitawaambia.

Dogo amerudi chini ya mkorosho. Mama mdogo ndiye aliyeniambia kwa simu, akilalamika kama kawaida kwamba mtoto haonekani, nami nikafurahi kimyakimya. Mpiga mishale wake yuko levo 22, anatumia upinde wa kuokota. Wiki iliyopita nami nimejiunga, nimetengeneza mhusika, nimechagua kazi ya ufundi. Kutengeneza ngao ya aina ile unahitaji levo 30. Mimi niko 11, na jana dogo aliniacha njiani kwa sababu nilikuwa nasoma kila onyo mpaka mwisho.